Uchungu wa shubiri umekwenda wapi?

Basi la kutoka Tanga likishapita Chalinze, abiria huwa wamechoka kutazama nje, na hapo ndipo wauza dawa wanapopanda. Safari hii alipanda kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na begi la mgongoni. Akasalimia, akamshukuru dereva na kondakta, akatuombea tufike salama, kisha akatoa chupa ya plastiki yenye picha ya jani nene la kijani lenye miiba pembeni. Alovera, alisema. Akataja kisukari, presha, vidonda vya tumbo, miguu kuwaka moto, choo kigumu, ngiri na nguvu za kiume. Sifa aliyoiona kubwa kuliko zote aliiacha ya mwisho: "Na wala haina uchungu, wazee wangu. Hata mtoto anaomba aongezewe."

Mimi nilishtuka hapohapo. Kiswahili kina vichungu vingi: mwarobaini, nyongo, ile klorokwini ya utotoni iliyokuwa ikikwama kooni. Lakini mtu akitaka kupima uchungu wa habari, wa ndoa au wa maisha, hasemi chungu kama mwarobaini. Anasema chungu kama shubiri. Na shubiri ndiyo hiyo alovera, au jamaa zake wa karibu. Sasa shubiri inayonyweka kama sharubati imetolewa nini?

Jibu linaonekana kwa kisu. Nina mmea mmoja mlangoni kwa jiko, kwenye ndoo ya rangi niliyoitoboa chini. Ukikata jani la chini kabisa, lile pana lililoanza kulala, kwanza hutoka majimaji ya njano. Yanachuruzika kutoka kwenye mirija iliyo chini tu ya ganda, na hayana haraka. Yakidondokea shati, doa huwa la njano, baadaye la kahawia, mwishowe linaelekea zambarau, na hakuna sabuni inayoliondoa lote. Weka tone moja kwenye ulimi. Nusu saa nzima utakuwa unatema mate. Hiyo ndiyo shubiri yenyewe. Ukiendelea kumenya ganda, unakuta kitu kingine kabisa: ute unaoangaza, unaoteleza kama ute wa yai, usio na ladha ya maana. Karibu asilimia 99 ya ute huo ni maji.

Kwa hiyo jani ni moja lakini dawa ni mbili. Utomvu wa njano una kemikali iitwayo aloini na jamaa zake, zenye nguvu kwenye utumbo. Ute una minyororo mirefu ya sukari, maarufu zaidi ikiitwa asemanani, ambayo kazi yake inayodaiwa ni kwenye ngozi na vidonda. Mtu akikuuliza alovera inatibu nini, mrudishie swali: sehemu gani ya jani? Karibu kila uzushi niliousikia kuhusu mmea huu umezaliwa na kuchukua sifa za sehemu moja na kuivisha nyingine.

Wazee wa biashara ya Bahari ya Hindi waliijua hasa ile ya njano. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, uleule unaoitaja bandari ya kale ya Rhapta kwenye mwambao wetu, unaitaja shubiri kati ya bidhaa zilizopakiwa bandari ya Kane, Hadhramaut, Yemen ya leo. Kwa karne nyingi iliyosifika zaidi ilitoka kisiwa cha Sokotra, kwenye mmea ambao wataalamu wanauita Aloe perryi. Majani yalikatwa, yakapangwa kuzunguka shimo lililotandikwa ngozi ya mbuzi, utomvu ukadondoka humo na kuachwa ukauke mpaka ukawa bonge jeusi linalong'aa. Sehemu ya mzigo huo ilipitia Unguja, ndiyo maana vitabu vya wafamasia wa Uingereza vilikuwa na jina la "shubiri ya Zanzibar", iliyofika sokoni imefungwa kwenye ngozi za kima. Jina lenyewe ni la Waarabu, wanaoandika shubiri na subira kwa herufi zilezile tatu. Sisi tumeyachukua maneno yote mawili.

Hakuna aliyenunua bonge lile kwa ajili ya kulainisha uso. Lilikuwa dawa ya kuendesha. Aloini hupita tumboni bila kufanya lolote, ikifika utumbo mpana bakteria wanaigeuza, nayo inauchokoza utumbo usukume na kumwaga maji. Ukinywa usiku, asubuhi unakwenda mbio. Kwa mtu aliyefunga choo wiki nzima, katika dunia isiyo na duka la dawa, hiyo ilikuwa neema, na sina sababu ya kuwacheka waliovuka bahari kuitafuta.

Sifa ya ute kwenye maandiko ya kidaktari ni ya juzi tu. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Marekani, wote wakiitwa Collins, waliandika kuhusu mgonjwa aliyeunguzwa ngozi na mionzi ya eksirei, akapona baada ya kupakwa alovera mbichi. Kutoka hapo zikaja krimu, sabuni, shampuu, tishu za kufutia watoto, hata soksi zinazodaiwa kulowekwa alovera. Ukiona tangazo linalosema mmea huu umethibitika kwa maelfu ya miaka, jua kilichotumika zaidi miaka hiyo yote ni utomvu wa njano, na kinachouzwa leo ni ute. Historia ya mmoja inatumika kumuuzia mwingine.

Haina maana kwamba ute ni wa bure. Kwa majeraha ya moto madogo, yale ya mafuta ya kukaangia au ya chai iliyomwagika, una ushahidi kidogo. Mwaka 2007 watafiti wa Thailand walikusanya majaribio manne yenye wagonjwa 371, na kwa jumla waliopakwa alovera walipona mapema kwa siku 9 hivi. Si haba. Ila majaribio hayo hayakufanana: dawa zilitengenezwa kwa namna tofauti na wagonjwa hawakuungua sawa. Miaka mitano baadaye mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yakatazama vidonda vya aina zote, majaribio 7 yenye watu 347, yakasema ushahidi wa kutosha bado haujapatikana. Mimi mwenyewe nikiungua jikoni naupaka, maana unapoza na hautoneshi kama kitambaa kikavu. Lakini kwanza naweka mkono chini ya bomba dakika 20, hata kama wageni wananitazama. Nyumbani kwetu tulifundishwa kupaka dawa ya meno, na shangazi mmoja alikuwa mtu wa mayai. Alovera ni afadhali kuliko vyote viwili, lakini hakuna kinachopita maji.

Kuna jambo moja kwenye utafiti wa ngozi ambalo ningependa kila anayeuza krimu alisome. Mwaka 1996 watafiti huko Pakistan waliwapima wagonjwa 60 wenye soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi kufanya magamba. Nusu walipaka krimu ya alovera, nusu krimu isiyo na dawa. Waliopona kwenye alovera walikuwa 25 kati ya 30. Upande wa pili 2 tu. Matokeo ya kushangilia. Mwaka 2005 Wadenmark wakajaribu ugonjwa huohuo kwa njia ya werevu: mgonjwa yuleyule anapaka alovera upande mmoja wa mwili na krimu isiyo na dawa upande wa pili. Upande wa alovera ulipata nafuu kwa wagonjwa asilimia 72 hivi. Upande usio na dawa ulipata nafuu kwa asilimia 82 yao. Kumbe ngozi kavu inayopakwa kitu chenye unyevu kila siku hupata nafuu, uwe umeweka alovera au hukuweka. Wauzaji wote wanaoujua utafiti wa kwanza hawajawahi kunitajia wa pili.

Na lipo lililonisikitisha zaidi. Mwaka 1991 huko Marekani, wanawake 21 waliokuwa na vidonda vilivyoachia baada ya upasuaji, wa uzazi au wa tumbo, waligawanywa. Waliotibiwa kwa njia ya kawaida vidonda vilifunga kwa wastani wa siku 53. Waliowekewa jeli ya alovera ilichukua siku 83. Mwezi mzima wa ziada, mama ana kichanga mkononi. Utafiti huo ni mdogo na haupaswi kuamua kila kitu, lakini unatosha kunizuia kumwambia mzazi apake alovera kwenye mshono wake kwa sababu "ni mmea, haina madhara". Nimeisikia kauli hiyo wodini kwa masikio yangu, kutoka kwa ndugu aliyekuja na jani kwenye mfuko wa Rambo.

Tukiwa bado kwenye ngozi: alovera haizuii jua. Naisema kwa sababu ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao huuziwa kila aina ya mafuta ya "asili". Ute utampoza aliyekwisha kuungua na jua. Hautamkinga asiungue, wala hautamkinga na saratani ya ngozi. Kuna mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hapahapa kwetu, Kilisun ya KCMC Moshi, kwa ajili yao hasa; hayo ndiyo ya kutafuta, pamoja na kofia pana na shati la mikono mirefu.

Sasa tuingie tumboni, maana ndiko maneno yalikojaa.

Jirani yangu, mama wa makamo anayetumia vidonge vya presha, alitumiwa maelekezo kwenye simu. Jani moja la alovera, tangawizi, ndimu, asali. Saga kwenye blenda, chuja, kunywa glasi moja kila asubuhi kwa siku saba "kusafisha mwili". Akasaga jani na ganda lake, utomvu wote humo. Asali na tangawizi zikaufunika uchungu, si wote, kiasi cha kumezeka. Siku ya tatu alinipigia nimpeleke zahanati: tumbo linakata, choo maji matupu, misuli ya miguu inakaza. Njiani, akiwa amejikunja kwenye kiti cha nyuma, aliniambia maneno ambayo sijayasahau. "Kaka, mimi nilijua inafanya kazi, maana uchafu ulikuwa unatoka."

Hapo ndipo ilipo hila ya utomvu wa njano, hata pasipo mtu wa kukudanganya. Dawa ya kuendesha hujithibitisha yenyewe. Mtu anaona kwa macho yake kitu kikitoka, anahisi mwepesi, anapungua kilo mbili kwenye mzani, na zote mbili ni maji. Hakuna sumu iliyosafishwa. Ini na figo ndizo zinazofanya kazi hiyo usiku na mchana. Kilichotoka ni maji na madini, hasa potasiamu, na potasiamu ndiyo inayoshika mapigo ya moyo. Jirani yangu alikuwa anakunywa kidonge cha presha cha kukojoza, ambacho nacho hupunguza potasiamu. Madini yakawa yanavuja kwa milango miwili. Daktari aliyempokea hakuuliza kama ametumia dawa za kienyeji. Jirani naye hakusema, maana kwake ile haikuwa dawa, ilikuwa juisi.

Marekani ilikuwa na vidonge vya utomvu huu kwenye maduka ya dawa, vya kufungua choo, bila cheti cha daktari. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, iliviondoa kwa sababu rahisi: watengenezaji waliombwa ushahidi kwamba ni salama, hawakuuleta. Baadaye wanasayansi wa serikali wakawanywesha panya wakubwa maji yenye juisi ya jani zima, ambayo haikuchujwa utomvu, kwa miaka miwili. Panya hao walipata uvimbe kwenye utumbo mpana, ukiwemo wa saratani. Panya wadogo waliopewa vivyo hivyo hawakupata. Kwa ushahidi huo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka juisi ya jani zima kwenye kundi la 2B, yaani vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilo halimaanishi kwamba glasi moja itakuua. Linamaanisha kwamba anayekuuzia kinywaji cha kila siku, maisha yote, hana haki ya kusema hakina madhara kabisa.

Viwanda vya maana vinalijua hili. Huichuja juisi kwa makaa maalumu hadi aloini inayobaki iwe chini ya sehemu 10 katika milioni, kiwango walichojiwekea wenyewe. Kwa hiyo lile swali langu la basini lina jibu zuri na jibu baya. Jibu zuri ni kwamba uchungu umeondolewa kwa sababu ndiyo sehemu ya hatari. Jibu baya ni kwamba pengine haukuwahi kuwemo, kwa kuwa ndani hamna jani. Mwaka 2016 shirika la habari la Bloomberg lilipeleka maabara jeli za alovera zilizokuwa zikiuzwa kwenye maduka makubwa ya Marekani. Hakuna iliyokutwa na ile asemanani, ingawa chupa zilitaja alovera. Kama yanatokea kwenye nchi yenye wanasheria wengi kuliko wauza karanga, mimi siwezi kuapa kuhusu chupa ya Chalinze.

Magonjwa aliyoyataja yule kijana nayo yanataka kutenganishwa. Kisukari: kuna majaribio madogo yanayoonyesha sukari ikishuka kiasi, yamepishana, na hakuna linalotosha kumwambia mtu aache vidonge. Hatari iko kwa anayechanganya, anakunywa dawa za hospitali na alovera juu yake, sukari ishuke kupita kiasi au aharishe hadi akaukiwe. Vidonda vya tumbo: vingi husababishwa na bakteria au na dawa za maumivu, na bakteria huuawa kwa antibiotiki, si kwa ute. Kuhusu nguvu za kiume sina la kusema, labda kwamba sijaona chupa ya dawa yoyote nchini isiyozitaja. Wajawazito na wanaonyonyesha wasiuguse utomvu kabisa kwa kunywa. Na madaktari wa ini wameandika kuhusu watu walioumwa ini, macho yakawa ya njano, baada ya kunywa alovera kwa wiki kadhaa, wakapona walipoacha. Ni wachache, lakini wapo.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, na lipo baraza linalosimamia usajili. Tatizo langu na biashara hii ni kwamba inaishi katikati. Kibandiko cha chupa kinasema kinywaji cha lishe. Mdomo wa muuzaji unasema kisukari kinapona. Mkaguzi akija anasoma kibandiko, mgonjwa anasikiliza mdomo. Ukimshika muuzaji atakwambia mimi ni mjasiriamali tu, na kwenye zile kampuni za kuuziana kwa mnyororo ni kweli: naye aliuziwa, akaambiwa alete wenzake, na hela yake imelala kwenye makasha chini ya kitanda.

Pembeni yangu kwenye basi mzee mmoja alinunua chupa mbili. Nilimuuliza, kwa heshima, kama aliamini yote yale. Akacheka. "Mwanangu, hospitali nilikaa kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa, daktari hakuniangalia usoni. Huyu kijana ameniuliza nalalaje usiku." Mwaka 2011 maelfu ya watu waliokuwa na akili zao timamu, wengine wakiwa na shahada, walilala barabarani kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya asili cha shilingi 500. Niliandika wakati ule kuwa ni ujinga. Leo nisingeandika hivyo. Mtu anayekaa na maumivu miaka mitatu hupima mambo kwa mizani asiyoijua mwenye afya, na anayemsikiliza dakika tano amekwisha kumpa kitu. Bahati mbaya anachomuuzia baada ya hapo ni kingine.

Ukiondoka kwa binadamu, mtumiaji mkubwa wa shubiri vijijini kwetu ni kuku. Nenda banda lolote utakuta kwenye kopo la maji vipande vya jani vimeelea, maji yamekuwa ya kahawia. Ni kinga ya mdondo, au kideri kama mnavyouita wengine. Si imani tupu: watafiti wa Morogoro waliijaribu Aloe secundiflora kwa kuku walioambukizwa kideri kwa makusudi, na kwenye matokeo yaliyotoka 2002 kuku waliopewa utomvu mapema walikufa wachache zaidi. Vifo vilipungua, havikuisha. Wakati huohuo kuna chanjo ya I-2 inayostahimili joto, inayotengenezwa Kibaha, tone moja kwenye jicho, unarudia kila baada ya miezi mitatu hivi. Mama mmoja wa Korogwe aliyekuwa akinionyesha kopo lake la shubiri alisema chanjo huja kwenye kichupa cha kuku wengi, na yeye anao tisa. Ndiyo shida yenyewe. Majirani wakichangia kichupa kimoja asubuhi moja, shubiri inaweza kupumzika.

Nafasi nyingine ya shubiri ambayo haijawahi kumdanganya mtu ni kumwachisha mtoto ziwa. Mama anapaka utomvu kwenye chuchu, mtoto anakuja mbio, anaonja, anamtazama mama yake kama vile amesalitiwa na serikali. Siipendekezi, maana kile anachokimeza mtoto ni dawa ya kuendesha, na mtoto mdogo hukauka haraka. Lakini nakiri kwamba hapa ndipo mmea unatumika kwa jina lake halisi. Na hata hapo haushindi kila mara: bibi yangu alisimulia kwamba mimi siku ya pili niliuchukua upindo wa kanga, nikafuta, nikaendelea.

Nimesema alovera "au jamaa zake", na jambo hilo si dogo. Alovera yenyewe ni mgeni. Inadhaniwa asili yake ni Bara Arabu. Jamii ya Aloe ina aina zaidi ya 500, na Afrika Mashariki ina zake kwa makumi, toka miamba ya pwani hadi Usambara na nyika za Wamaasai, wanaouita osukuroi. Waluo huuita ogaka, Wakamba kiluma. Ni ndugu, si pacha. Maarifa ya mmoja hayahamii kwa mwingine kwa sababu tu wote wana miiba. Aloe ballyi, unaosimama kama mti maeneo ya Taita na upande wetu wa mpaka, una sumu ya jamii ileile iliyomo kwenye mmea aliouawa nao mwanafalsafa wa Kigiriki, Socrates. Wapo pia wanaokwenda kukata mkonge mchanga wakidhani ni alovera. Huyo atajikuna siku nzima, na akiula mdomo utawaka.

Hawa ndugu wa porini wana kesi yao. Kwa zaidi ya miongo mitatu utomvu umekuwa ukivunwa Kenya kwenye nyika za kaskazini na Bonde la Ufa, ukachemshwa kwenye mapipa mpaka ukawa gundi nyeusi, ukauzwa nje. Mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku kuvuna aloe za porini. Marufuku haikuua biashara, iliipeleka gizani, na gizani bei anapanga dalali. Mchungaji anayekata majani juani hupewa vijisenti, na kwa kuwa hana leseni hana pa kulalamika. Kanuni mpya zikaja 2007, za kuruhusu kilimo na uvunaji wenye kibali. Mkataba wa CITES, wa kimataifa wa kusimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, nao unataka kibali cha kusafirisha nje aina zote za aloe isipokuwa moja. Hiyo moja ni alovera, ile ya mashambani, ya chupani. Kiwanda kikajengwa Koriema, Baringo, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, kikakaa miaka mingi bila kazi ya maana. Wakulima walikwisha kupanda. Majani hayasubiri mitambo.

Lililonipa moyo liko Laikipia. Akina mama wa kikundi cha Twala, Wamaasai, walipanda Aloe secundiflora kwenye ardhi iliyochoka, wakapata mnunuzi, kampuni ya vipodozi ya Uingereza iitwayo Lush. Hawauzi dawa ya kisukari. Wanauza majani ya kutengenezea vipodozi, wanapokea hela, na ardhi iliyokuwa uchi inashikwa na mizizi. Ukiniuliza faida ya aloe kwa afya ya watu wa kwetu ambayo naweza kuitetea bila kigugumizi, nitakutajia ada ya shule ya watoto wa akina mama wale kabla sijakutajia juisi.

Jirani yangu alipona kwa chumvichumvi ya kuchanganya na maji na siku mbili za kulala. Bado anakuja kuomba jani, maana mjukuu wake hakai mbali na jiko. Namkatia. Tunalisimamisha ndani ya kikombe, upande uliokatwa chini, tunaongea mambo ya mtaa robo saa hivi mpaka utomvu utoke wote, kisha namenya ganda, naosha ute kwa maji, namfungia kwenye bakuli. Kile kikombe sijawahi kukitumia kwa chai tena; rangi imegoma kutoka.